Pole Nyingi kwa Koncheto Moja

Jina la mtunzi silitaji, wala si siri. Hata nikilitaja hutalijua. Niliwahi kulitaja mbele ya walimu wenzangu wa muziki kwenye semina, mmoja akaniuliza kama ni dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Huyu bwana aliishi Ulaya enzi zile ambapo mpiga piano akiingia ukumbini wanawake walizirai, na inasemekana walizirai kwa ajili yake pia. Alitunga mwenyewe, akapiga mwenyewe, akasifiwa mpaka basi. Kisha wakaja wengine wenye vidole vyepesi zaidi na nywele ndefu zaidi, watu wakamhama. Alisahaulika akiwa bado hai, anaamka asubuhi, anakunywa chai, na hakuna anayemwita popote. Nadhani hilo linauma kuliko kusahaulika ukishakufa.

Kitabu cha koncheto yake nilikikuta Iringa, ndani ya kile kiti cha piano chenye mfuniko, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na panya. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nasoma shule ya bweni, na Jumamosi nilikuwa natembea hadi usharika mmoja wa Kilutheri, njia ya kwenda Kalenga, kujifunza piano. Piano yenyewe iliachwa na mmisionari aliyeondoka na kila kitu isipokuwa hiyo, kwa sababu haikuenea kwenye gari. Aliyenifundisha alikuwa mwalimu wa kwaya wa pale. Siku hizi ni mzee wa miaka themanini na ushee, na bado ananiita binti, ingawa mimi nina miaka arobaini na sita na nafundisha muziki na jiografia Mbeya.

Pale pale, mwaka ule ule, nilipewa wimbo mmoja wa kupiga ibadani, nikasahau ubeti wa pili. Vidole viliganda. Kabla sijaanza kulia, mama mmoja wa viti vya mbele aliinuka akaanzisha pambio, kanisa zima likaitikia kwa makofi, wakaimba hadi nilipoona tena nilipokuwa. Huko ndivyo walivyo. Mtu akikwama mbele za watu hachekwi wala haachwi. Wimbo unaanzishwa juu yake, aibu inafunikwa, ibada inaendelea. Wakati ule nilishukuru sana. Sikujua kwamba siku moja ningetamani wasiwe wema kiasi hicho.

Mwaka juzi mwalimu wangu alinipigia simu. Hakusalimia, na yeye ni mtu anayesalimia hadi kuku wa jirani.

"Binti, wanaitoa."

"Wanatoa nini, mwalimu?"

"Piano. Seremala ameshakuja na tepu yake, ameipima. Anasema mbao yake nzuri, itatoka kabati la vitabu na meza ya pembeni."

Usharika ulikuwa umepata kinanda cha umeme, chenye biti za kila namna, na kamati ya majengo iliona piano inakula nafasi ya viti sita. Nilimwambia mwalimu asijali, kinanda kipya nacho kitamfaa.

"Mke wangu hayupo tena," akasema. "Watoto wako Dar. Jumatatu hadi Jumamosi mimi nakwenda pale, nafuta vumbi, napiga kidogo, siku inakwenda. Hii ikitoka, nitakuwa nakwenda wapi?"

Watu husema Wanyakyusa tuna hasira za karibu. Ni uzushi, na atakayeurudia mbele yangu atanijua. Nilimpigia mwenyekiti wa kamati palepale, nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Alikuwa bwana shamba mstaafu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupanda viazi.

"Mama, sisi hatuna ubaya na hii piano," alisema. "Lakini kile kipya unabonyeza hapa, kinapiga chenyewe. Hii mpaka mtu atoke Mbeya."

Hapo ndipo mdomo ulipotangulia akili. Nilimwambia nitatoka Mbeya, ndiyo, na siku ya mavuno nitapiga kitu ambacho kile kinanda chake hakiwezi hata kikichomekwa kwenye umeme mwezi mzima. Mwenyekiti akafikiri. Akasema sawa. Watu wakiona piano inafaa, ibaki. Wasipoona, Jumatatu seremala aje na mkokoteni.

Nilipokata simu ndipo nikajiuliza ni kitu gani hicho nitakachopiga, na nikajijibu mwenyewe kwa ile koncheto. Tangu shule nilikuwa nayo, nakala ya fotokopi, naifungua na kuifunga. Mume wangu aliangalia kurasa zile zilivyojaa nota, nyeusi kama zimemwagikiwa na masizi, akaniuliza kama bado naweza kumpigia tena mwenyekiti nikamwambia nilikuwa na homa.

Koncheto ni kazi ya piano moja na okestra nzima, watu hamsini na zaidi wenye fidla na filimbi. Sisi tulikuwa na kwaya ya watu ishirini na wanne na matarumbeta saba, moja likiwa limezibwa tundu kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Tena kwaya zetu hazisomi zile nota za mistari mitano. Zinasoma solfa, do re mi iliyoandikwa kwa herufi. Kwa hiyo likizo yote nilikaa naigeuza okestra kuwa solfa: fidla nikawapa soprano na alto, filimbi wakapiga miluzi wawili wanaojua, na yale mavyombo mazito ya nyuma nikayagawa kati ya besi na matarumbeta.

Katika kunakili nikagundua jambo kuhusu mtunzi wangu. Okestra hakuipenda. Piano ameiandikia maporomoko ya nota, halafu hao wengine wote amewaachia pom, pom, na kushikilia. Wataalamu wa huko kwao walimsema sana kwa hilo, na mimi siku zote nilikuwa upande wake. Lakini wataalamu hawakuwahi kukaa mbele ya besi wangu. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu, yeye akaoa Iringa na kubaki, na sauti yake ilizoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Siku ya kwanza ya mazoezi aliipekua karatasi yake mbele na nyuma.

"Mama mwalimu, mimi humu nina do tu."

"Na so, ukurasa wa nne."

Akaifungua ukurasa wa nne, akaitazama ile so kwa huzuni. "Hiyo moja," akasema. Nikamwambia nyumba haisimami bila msingi, akanijibu kwamba msingi nao hujengwa siku moja ukaisha, haujengwi kurasa nane.

Mazoezi yangu mwenyewe niliyafanyia nyumbani, Iyunga, kwenye kinanda kidogo cha vibonye sitini na kimoja, na koncheto inataka zaidi ya hapo. Nilizunguka Mwanjelwa nzima nikitafuta kirefu. Muuzaji mmoja akanihakikishia kwamba vyote ni sawa, vile vibonye vya ziada ni urembo. Basi nikakiweka kinanda changu katikati ya meza ya kulia chakula, na nota zilizozidi, za chini kabisa na za juu kabisa, nikawa nazipiga kwenye ubao wa meza. Mkono wa kushoto ukishuka, muziki unageuka kuwa ngoma. Malori ya kwenda Tunduma yanapiga honi nje, mimi napiga mbao ndani, na jirani akamuuliza mume wangu kwa upole siku hizi tunatwanga nini.

Iringa nilikwenda mara tatu kabla ya siku yenyewe, kwa basi la alfajiri, nikifika nimechoka na nina saa mbili tu za kufanya kazi na watu wenye mashamba na watoto. Ndiyo sababu ya kosa letu. Karibu na mwisho wa kipande kuna mahali okestra yote inanyamaza na piano inabaki peke yake, dakika tatu nne, inazunguka, inatafuta, inasimama, inaanza tena, mpaka ijitoe yenyewe. Mwalimu wangu alipaita jangwani. Kila tulipofika jangwani aliangalia saa.

"Hapa turuke," alisema. "Hapa ni wewe peke yako, utapambana mwenyewe. Kwaya, mtaingia nikiinua mkono na kuushusha."

Tuliruka mara zote tatu. Kwaya haikuwahi kusikia hata nota moja ya jangwani, na usharika haukuwa na habari kwamba jangwa lipo.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Mbele ya madhabahu yalikuwepo magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, maboga, na kuku waliofungwa miguu, ambao walikuwa na maoni yao. Mwenyekiti alikaa kiti cha kwanza kushoto. Seremala alikaa nyuma yake, na kila akiitazama piano nilimwona anaona kabati.

Tulianza. Koncheto za enzi ile huanza na okestra peke yake, na mpiga piano anakaa kimya dakika kadhaa, mikono mapajani. Kwaya ikaimba solfa yake vizuri sana, matarumbeta yakaitikia, na nikaanza kusikia minong'ono. "Mbona hapigi?" "Labda anaumwa." Bibi mmoja wa kiti cha mbele, kiongozi wa akina mama, alinitazama kwa jicho la mama mzazi, akanitikisia kichwa taratibu kunitia moyo. Nilitamani kumweleza, lakini unaelezaje?

Kisha zamu yangu ikafika. Mtunzi wangu, Mungu amrehemu, alijua kuingia. Mikono miwili inashuka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa kama gunia la viazi likimwagwa ngazini, na safari hii kule chini hapakuwa na meza. Palikuwa na sauti. Nilishtuka mwenyewe. Kuku mmoja aliruka na kamba yake, vigelegele vikapasuka, mwenyekiti akavua miwani akaivaa tena. Kwa dakika kumi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Besi wangu alishikilia do yake kama mtu anayezuia ukuta usianguke. Nilimwona seremala ameacha kutazama mbao, anatazama vidole.

Tukafika jangwani. Mwalimu akashusha mikono, kwaya ikanyamaza, matarumbeta yakanyamaza.

Nikapiga mlio mmoja mkubwa, nikaacha, kama ilivyoandikwa. Kanisa kimya. Nikapanda na kidole kimoja hadi juu, nikasimama pale, kama ilivyoandikwa. Nikaanza ule wimbo wa mwanzo, nikauacha katikati, nikahamia kwingine, nikarudi, nikauacha tena. Haya yote ni makusudi; ndiyo ufundi wenyewe. Ila kwenye piano ile kibonye cha fa ya katikati kina kawaida ya kuzama majira ya baridi na kutorudi. Kikazama. Nikasimama kidogo, nikakiinua kwa ukucha.

Bibi wa kiti cha mbele aliona ule ukucha. Kwake ilitosha. Kwaya imemwacha mtoto wa watu, mtoto amepotea, sasa anachokonoa. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akaanzisha pambio.

Nilisema moyoni hapana, bibi, nakuomba, hapana. Akina mama wote wakainuka. Makofi yakaanza. Nikapiga kwa nguvu zaidi ili waelewe kwamba nipo, nami najua nilipo, na wao wakaelewa kwamba nimezidi kuchanganyikiwa, wakaimba kwa nguvu zaidi. Nikaikazia macho kwaya yangu. Kwaya iliniangalia, ikawaangalia mama zao wamesimama, na ikachagua mama zao. Matarumbeta yakafuata. Wa mwisho alikuwa besi wangu. Alipogundua kwamba katika lile pambio besi ana nota sita tofauti, uso wake uliwaka kama wa mtu aliyetolewa kifungoni.

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Miezi mitatu, meza, malori, solfa, yote hayo, na sasa pambio! Na kwa mujibu wa sauti ya bibi tulikuwa tumehama ufunguo kabisa, do yake haikuwa do yangu. Ningeweza kuacha, nifunge mfuniko, nitoke nje. Nikamtazama mwalimu wangu. Alikuwa amesimama na mkono juu hewani, ule mkono wa kuwaingiza kwaya, hajui auweke wapi, mdomo unatetemeka. Sikujua kama ni kilio au kicheko. Nikajua tu kwamba Jumatatu seremala anakuja.

Basi nikawafuata. Nilihama nikaingia ufunguo wa bibi, na yale maporomoko yote ya mtunzi wangu, yale ya jangwani, nikayamwaga juu ya lile pambio. Yaliingia bila shida. Nilishuka, nikapanda, nikatetemesha nota za juu, na kanisa likaona kwamba nimejipata, likashangilia kujipata kwangu, na bibi akainua mikono akamshukuru Mungu kwa jina langu. Mwalimu akaamua kuushusha ule mkono. Wenye nidhamu kati ya kwaya wakauona, wakaruka kwenye ukurasa wa mwisho wa koncheto. Wengine wakabaki kwenye pambio. Matarumbeta yakamaliza mara mbili. Tukaisha. Sitadanganya: katika kazi nzima nilikosea nota mbili. Mbili tu.

Nje ya kanisa watu walipanga mstari kunishika mkono, na hakuna hata mmoja aliyesema hongera.

"Pole sana, mama."

"Pole. Ilikuwa ngumu."

"Pole, dada, hata mimi niliwahi kukwama kwenye somo la Waraka."

Mama mmoja alinipa mayai sita ndani ya kitambaa, akaniambia nikapumzike. Besi wangu akanipa pole na kunishukuru kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimefungua mdomo kueleza, kuanzia Ulaya, kuanzia mtunzi, kuanzia maana ya neno okestra, mwenyekiti akanifikia na kamati yake nyuma.

"Mama, tumekaa kidogo hapo pembeni," alisema kwa ile sauti yake ya viazi. "Tumeona hii kazi ni nzito. Mtu katoka Mbeya mpaka hapa, kapotea mbele za watu, na bado hakukimbia. Sasa tukiitoa hii piano, utajifunzia wapi? Itabaki. Uwe unakuja, ufanye mazoezi, mpaka usiwe unapotea tena."

Damu ilinichemka. Mimi? Nipotee? Nilivuta pumzi ya kumjibu, na nikahisi kidole kikinigusa kiwiko. Mwalimu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, macho mekundu, kofia mkononi.

"Binti," alininong'oneza, "ukiwaambia hukupotea, wataitoa."

Nadhani sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile. Nikainamisha kichwa mbele ya kamati nzima. "Asanteni," nikasema. "Kweli nilipotea. Nitajitahidi." Seremala akanipa pole yake, ya mwisho na ya dhati kuliko zote, akakunja tepu akaitia mfukoni.

Ndani ya basi la kurudi Mbeya, mayai mapajani, nilimfikiria yule bwana wa Ulaya. Huko mwishoni, kumbi zilipokuwa nusu tupu, lazima alifika jangwani mwake akapiga yote kwa usahihi, na waliobaki wakakaa kwenye viti vyao wakimsikiliza kwa adabu hadi akajitoa mwenyewe. Hakuna aliyeinuka. Nilimwonea huruma nikalia, na abiria wa pembeni akanipa pole.

Mwalimu bado anakwenda kufuta vumbi, Jumatatu hadi Jumamosi. Nami kila likizo naenda kupiga pale, na kila nikienda bibi anapita na jembe lake kutoka shamba, anasimama mlangoni.

"Kamwene, mwanangu. Siku hizi vipi, bado unapotea?"

Mimi, mwenye cheti cha muziki ukutani na hasira ambazo sina, naangalia vibonye.

"Bado, bibi. Ila kidogo."

"Usijali," anasema. "Sisi tupo."